Watakatifu Hawakopi

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, ilikuwa imejaa fitina. Wasaidizi na wamishenari hawakuelewana, kazi ililegea, kila mtu alikuwa na mwenzake wa kulaumu. Kiongozi wa wasaidizi hao, Yosiya Kinuka, akafunga safari hadi Kampala kumwona Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa ameacha kazi yake serikalini ili ahubiri. Akamweleza yote. Nsibambi akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia kwamba shida ya hospitali ile ilianzia moyoni mwa Kinuka mwenyewe.

Hebu fikiria. Umesafiri njia yote hiyo kwenda kushtaki watu, na mwamuzi anakugeuzia kesi. Lakini barabara ya kurudi nyumbani ilikuwa ndefu na ilimpa muda wa kuwaza. Aliyerudi Gahini alikuwa Kinuka mwingine.

Nimeanzia hapo makusudi. Wengi wetu tuliolelewa kanisani Kenya tukisikia neno utakatifu, kitu cha kwanza tunachokiona ni sketi. Urefu wa sketi. Kisha nywele, kisha hereni, kisha chupa ya bia, kisha mtu mzee anayetikisa kichwa. Kumbe watu waliolieneza neno hilo hapa kwetu kwa nguvu kuliko wengine wote, wale tunaowaita watu wa Uamsho, hawakuanzia kwa sketi. Walianzia na mtu aliyeambiwa aache kuhesabu makosa ya wenzake.

Historia yenyewe kwa kifupi ni hii. Septemba 1929 daktari Mwingereza wa Gahini, Joe Church, alikuwa Kampala, amechoka mwili na imani baada ya njaa kali iliyoua watu wengi Rwanda. Juu ya kilima cha Namirembe akakutana na huyo huyo Nsibambi. Wakakaa siku mbili na Biblia, wakifuatilia mstari kwa mstari habari za Roho Mtakatifu, wakaomba, wakaagana. Church alikuwa amelelewa kwenye mafundisho ya Keswick, mkutano wa kila mwaka kaskazini mwa Uingereza ulioanza 1875, wa Wakristo waliotaka kujua mtu anawezaje kuishi maisha matakatifu Jumatatu hadi Jumamosi. Nyuma ya Keswick yuko John Wesley na kikundi chake cha Oxford cha miaka ya 1730, ambacho wanafunzi wenzao walikicheka na kukiita Klabu Takatifu. Hao nao walikuwa watu wa ratiba: kufunga siku fulani, kuomba saa fulani, kutembelea wafungwa. Kwa hivyo hili jambo la moyo na orodha kutembea pamoja, na kila mara orodha kutaka kukaa kiti cha mbele, hatukulianzisha sisi.

Ila kilichotokea Gahini kilikuwa na ladha yake. Kwenye mkutano wa mwisho wa mwaka 1933 watu walianza kusimama na kutaja walichofanya. Si dhambi za jumla jumla, zile za “Bwana nisamehe nilipokosea.” Walitaja kitu na walitaja mtu. Na baada ya kutaja wakaenda kurudisha. Pesa, nguo, majembe, mali ya mwajiri, mali ya jirani. Waume wakawaomba wake zao msamaha, jambo ambalo hata leo kuna nyumba halijawahi kuingia. Wamishenari nao hawakuachwa. Church na wenzake waliungama kiburi cha rangi mbele ya Waafrika, wakakaa nao meza moja, na hiyo ilikuwa koloni la miaka ya 1930, si kongamano la leo lenye mabango ya umoja. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu Uganda, husimuliwa alivyopanda baiskeli baada ya kuokoka akaenda kumwomba msamaha Mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia.

Jina la mazoea hayo lilikuwa kutembea nuruni. Rwanda waliitwa Abaka, yaani wanaowaka. Uganda waliitwa Balokole, waliookoka. Wakati mwingi majina hayo yalitolewa kwa kejeli, nao wakayavaa tu.

Kanisa lenyewe liliwaogopa. Mwaka 1941 chuo cha Bishop Tucker, Mukono, kiliwafukuza wanafunzi 26, akiwemo William Nagenda, aliyekuwa shemeji wa Nsibambi. Walikuwa wamekatazwa kukutana alfajiri kuomba na kuhubiri, na wao hawakuacha. Mimi ni mtu niliyetoka chuo kikuu bila cheti, na nawaonea hao 26 undugu fulani, ingawa sababu yangu ni nyingine kabisa. Tutafika huko.

Kenya moto ulifika 1937, na Kabete ikawa mojawapo ya ngome zake. Miongoni mwa waliouwasha ni Obadiah Kariuki, ambaye mwaka 1955, pamoja na Festo Olang’, alikuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Anglikana nchini. Mwaka 1949 Kabete ilijaa maelfu ya watu kwa mkutano mkubwa wa Uamsho. Guka wangu alikuwepo. Alikuwa na miaka 11, amepelekwa na babake, na anachokumbuka kwanza ni matope na uji. Kisha anakumbuka watu wazima wakilia bila aibu, na kwamba hilo lilimtisha kuliko kitu chochote alichokuwa ameona.

Miaka 3 baadaye, Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, Uamsho wa Kenya ulipopata umbo lake, na ndipo pia palipopandwa mbegu ya kilichokuja baadaye. Wapiganaji wa Mau Mau walitaka watu wale kiapo. Watu wa Uamsho wakakataa: walikuwa wamekwisha kushiriki damu ya Kristo, hawangekula kiapo cha damu nyingine. Sawa. Serikali nayo ilitaka wajiunge na walinzi wa nyumbani, wabebe silaha. Wengi wao wakakataa hilo pia. Kwa hivyo walichukiwa pande zote mbili. Wako waliouawa kwa kukataa kiapo. Murang’a kuna kanisa kuu lililojengwa miaka hiyo kwa kumbukumbu ya mashahidi hao, na ndani yake kuna michoro mikubwa ya ukutani aliyochora Elimo Njau, kijana kutoka Tanganyika, ambamo Yesu ni Mwafrika na mandhari ni vilima vya Murang’a. Kama hujawahi kuiona, panda matatu siku moja uende. Haihitaji imani, inahitaji macho tu.

Naelewa siasa ya jambo hili si nyepesi. Kuna waliopigania ardhi na kufa, na kuna waliosema hawapigani na kufa, na familia nyingi za kwetu zina makaburi ya aina zote mbili. Siwezi kuwapanga kwa alama. Ninachotaka uone ni kwamba kwa kizazi kile neno “hapana” lilikuwa na gharama. Mtu aliyesema hapana usiku, mlango ukigongwa, alijua kinachofuata. Hapana yake ilitoka mahali pa kweli.

Sasa chukua hapana hiyo, iondolee panga na bunduki, mpe mtoto wake airithi wakati wa amani. Ataitumia kwa nini?

Nyanza walikuwa wameshaanza kuuliza swali hilo kwa njia yao. Huko wana Uamsho waligawanyika. Kulikuwa na Joremo, watu wa damu, waliosisitiza damu ya Yesu na wokovu wa kutangazwa hadharani, na kulikuwa na Johera, watu wa upendo, waliowalaumu hao wa kwanza kwa kujitenga na kuhukumu kila asiyesema lugha yao. Kasisi Abednego Matthew Ajuoga akawaongoza Johera kutoka Anglikana mwaka 1957, likazaliwa Kanisa la Kristo katika Afrika. Yaani lilianza kanisa zima kwa sababu watu walichoka kupimwa. Nikiwaza hilo hucheka kidogo, halafu sicheki.

Uganda mgawanyiko ulikuja kati ya mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970. Mzee mmoja wa Uamsho, Yona Mondo, aliona ndugu zake wamelala usingizi. Uhuru umekuja, kahawa inalipa, waliookoka sasa wana kazi ofisini, wana mikopo, wanavaa kama dunia inavyovaa. Akawaita waamke tena, na wafuasi wake wakaitwa Abazukufu, walioamshwa. Mojawapo ya alama zao kubwa ilikuwa kukataa madeni, na nyingine ilikuwa mavazi. Miaka ya 1970 mkondo wa namna hiyo ukawa umefika Kenya, na hapa ukajulikana kama Kufufuka. Ushirika uliokuwa mmoja ukawa miwili, na ndugu walioshikana mikono wakati wa hali ya hatari wakaacha kuketi pamoja.

Guka alikwenda na Kufufuka. Shosho alimfuata, au tuseme alihesabiwa huko.

Sitaki kuwacheka watu hawa. Fundisho la madeni lina akili ndani yake. Ukitembea nuruni na mtu, halafu una deni lake unalolificha, nuru inaingia wapi? Mdeni hukwepa njia ya anayemdai. Hupiga kona akimwona sokoni. Na mkopo wa benki haukuwa karatasi tu kwa mkulima mdogo, ulikuwa hatimiliki ya shamba iliyokaa kwenye droo ya mtu mwingine. Guka ana hadithi ya jirani aliyekopa kununua ng’ombe wa gredi, ng’ombe wakafa, shamba likapigwa mnada, na wanawe hadi leo wamepanga vyumba mjini. Kila mara anasimulia kwa maneno yale yale, kama mtu anayesoma. Hilo si sheria kavu. Hilo ni kidonda.

Tatizo ni kwamba kidonda cha mtu mmoja kilipoandikwa kama amri ya watu wote, hakuna aliyeuliza tena kilitoka wapi. Nyumbani kwa Guka hakukuwa na mbwa, maana Mungu ndiye mlinzi. Hakukuwa na bima ya chochote. Shosho hakusuka nywele wala hakuvaa mapambo, na binti zao, mama yangu akiwemo, walijua urefu wa sketi kabla hawajajua herufi. Hakuna aliyetueleza sababu. Ukiuliza, unaambiwa kuuliza ni dalili.

Orodha ina faida moja kubwa: inakaguliwa kwa macho. Ukiwa mlangoni mwa kanisa unaona kitambaa cha kichwa. Huoni kama mwenye kitambaa amemlipa kibarua wake. Na kwa kuwa anayesimama mlangoni kwa kawaida ni mwanamume, orodha hufika haraka sana mwilini mwa mwanamke na huchelewa sana kufika mfukoni mwa mwanamume. Orodha haisomi risiti. Ndiyo maana mwanasiasa anaweza kuingia ibadani Jumapili na gunia la pesa ambazo kila mtu anajua zilikotoka, akapewa kiti cha mbele na kipaza sauti, wakati msichana aliyekuja na suruali anaambiwa akae nyuma.

Kinachonishangaza ni kwamba Biblia yenyewe wanayoishika haikupanga mambo hivyo. Fungua Walawi 19. Ndiyo sura inayowaamuru Waisraeli wawe watakatifu kwa sababu Mungu wao ni mtakatifu, na ndiyo hiyo yenye mstari wa 28 ambao kila kijana mwenye tatuu Nairobi amesomewa angalau mara moja na shangazi. Lakini kabla hujafika 28 unapita kwingi. Usivune mpaka pembe za shamba, waachie maskini. Mshahara wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Usimwekee kipofu kikwazo. Usipendelee mkubwa ukihukumu. Mpende jirani yako. Ukivuka 28, mwishoni kabisa, kuna mizani na vipimo vya haki, habari ya muuzaji sokoni. Kweli kuna pia marufuku ya kuvaa nguo ya nyuzi mbili tofauti, na sijawahi kuona shati la pamba na polyester likifukuzwa kanisani. Tunachagua. Sisemi kuchagua ni vibaya, kila msomaji huchagua. Ila chunguza anayechagua, na uangalie ni nani analipa kwa chaguo lake.

Nililipa mimi, kwa mfano.

Nilipata nafasi chuo kikuu kwa alama zangu mwenyewe, wa kwanza upande wa mama. Pesa za nyumbani zilitosha muhula wa kwanza, kwa kubana. Fomu ya Helb ilihitaji wadhamini, na kwenye ukoo wetu mtu anayesikilizwa na wote ni Guka. Asipoweka sahihi yeye, wajomba hawaweki. Nikaenda na fomu, nikasalimia Bwana asifiwe, nikanywa chai, nikaitoa. Hakukasirika. Aliisoma yote, hata yale maandishi madogo, kisha akaniambia kwa upole kwamba hawezi kuweka jina lake chini ya deni, na kwamba mjukuu wake hatakwenda kuanza maisha akiwa mtumwa wa anayemkopesha. Mithali inasema hivyo, na yeye anaiamini. Wajomba wakafuata, kama nilivyojua.

Shosho hakusema kitu mezani. Wiki mbili baadaye aliuza kondoo 2, akanitumia pesa kwa M-Pesa kupitia simu ya jirani, na hakuniambia kama Guka alijua. Ndizo zilizonifikisha mwaka wa pili. Huko zikaisha, nikatoka. Tangu hapo naandika, natafsiri, nahariri tasnifu za watu wanaomaliza chuo. Mmoja aliandika juu ya Uamsho. Nilirekebisha tarehe zake bila kumtoza zaidi.

Shosho ndiye aliyenifanya nisiutupe utakatifu wote jalalani pamoja na orodha. Kila Jumamosi jioni alikuwa akilipa wanaomsaidia kuchuma chai kabla hajasonga chakula chetu, hata siku hela zilikuwa hazijafika akatoa za mayai. Mara moja aligombana na jirani kwa ajili ya mbuzi, maneno makali kweli, na kabla jua halijazama alikuwa amevuka kijito kwenda kuomba msamaha. Mbuzi alikuwa amekula mboga zetu! Nilimwambia kosa si lake. Akasema kosa la mbuzi si lake, maneno ni yake. Hakuliita hilo jina lolote. Kumbe lilikuwa jambo lile lile la Kinuka na Nsibambi, limefika hadi jikoni kwetu bila kupitia kamati yoyote.

Na Guka? Hapo ndipo naona ugumu wa kuandika historia hii kwa hasira tu. Mwaka huu nilikaa naye siku kadhaa kumuuliza habari za Kabete 1949. Kaka yangu mdogo yuko kidato cha nne, na kila mtu nyumbani anajua fomu itakuja tena mezani, ila hakuna anayeitaja. Nilimuuliza babake alifanya nini waliporudi kutoka mkutanoni. Nilitarajia habari za nyimbo.

Akaniambia kwamba asubuhi iliyofuata babake aliwaita wazee wawili na jirani wa upande wa bondeni, akaenda kwenye mpaka, na kung’oa itoka, lile ua ambalo Wakikuyu hupanda kuonyesha shamba la mtu linaishia wapi. Miaka kadhaa nyuma alikuwa amelisogeza usiku. Alilihamisha hatua 7 kurudi ndani ya shamba lake mwenyewe, mche baada ya mche, watu wakitazama. Guka ndiye aliyebeba miche ndani ya kiondo. Anasema mikono ya babake ilitetemeka na hakuna aliyemsaidia kuchimba, kwa kuwa hakutaka kusaidiwa.

Nikamuuliza kama lile lilikuwa deni.

Alikaa kimya muda mrefu, akigeuza kikombe. Akasema ndiyo, lilikuwa deni, na babake angeweza kufa nalo na hakuna ambaye angejua. Nikamuuliza kama babake alikuwa na hakika jirani angemsamehe. Akasema hapana, hakuwa na hakika, jirani yule alikuwa mtu mkali.

Kisha akaniuliza mvulana anamaliza mtihani lini. Nikamwambia Novemba.